Dawa ya Masikio Niliyoisifu Runyenjes

Ile siku ya soko niliyopanda juu ya kreti la soda pale Runyenjes, mwanangu, naikumbuka mpaka shati nililovaa. Lilikuwa jeupe, la kola, la kwendea kanisani, na nililivaa siku ya kazi kwa sababu nilijua watu watanitazama. Nilipiga makofi mara tatu. Nikawatangazia waliokuja kuuza ndizi na kununua mbegu kwamba masikio yangu yalikuwa yamekufa na sasa yamefufuka. Nikainua chupa ndogo ya kahawia ili waione hata wa nyuma. Nikasema hii ndiyo dawa, mimi Njagi wa mashine ndiye shahidi, na asiyeamini aje aninong'oneze. Watu walicheka, wakashangilia, na kabla sijashuka wengine walikuwa wameshajipanga mbele ya meza ya mwenye dawa.

Nilishuka kichwa kimevimba. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sijui kama umewahi kusikilizwa na soko zima. Ni kitu kitamu sana, nakwambia, na kinalevya.

Sasa nikueleze nilifikaje juu ya hilo kreti. Nilikuwa naendesha mashine ya kusaga unga, mashine ya dizeli, ndani ya banda la mabati nyuma ya soko. Usiidharau kazi hiyo. Uhuru ulinikuta ningali shuleni, na nilipomaliza, mwenye mashine alinichagua mimi kati ya vijana wengi. Wakati huo mashine zilikuwa chache, akina mama walitembea kutoka mbali na madebe ya mahindi mgongoni, na aliyesaga kwangu hakwenda kwa mwingine. Unga wangu ulikuwa laini. Nilijivunia kazi yangu, na mpaka leo naijivunia.

Lakini banda la mabati ni adui wa masikio. Mlio wa mashine unagonga ukuta, unarudi, unakukuta hapo hapo umesimama, asubuhi mpaka jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Hakuna aliyeniambia nizibe masikio. Hata ningeambiwa ningecheka. Kijana mzima wa Embu, mwenye mikono ya kuinua gunia peke yake, aweke pamba masikioni mbele ya wasichana? Thubutu!

Mwaka wa tano nikaanza kusikia mlio mwembamba, kama nyenje mmoja amejificha sikioni. Nilizima mashine jioni, yeye hakuzimika. Nikila, yupo. Nikisali, yupo. Kisha maneno ya watu yakaanza kunipotea, hasa ya akina mama wenye sauti ndogo. Nikawa natabasamu na kuitikia kila kitu. Siku moja mama mmoja alinishika mkono akaniambia jambo, nami nikacheka nikamjibu, "Hongera sana!" Alikuwa ameniambia mama yake amefariki. Aliondoka na debe lake bila kusaga.

Ndipo nikaanza kutafuta dawa. Na ukitafuta dawa katika nchi yetu, hutakosa wa kukupa. Mmoja alinichemshia kitunguu saumu kwenye mafuta. Mwingine akapasha majani moto, akayakamua, akanitilia. Mwingine akanifunika blanketi juu ya sufuria ya mvuke nikatoka jasho mpaka nikaona nyota. Yuko aliyekunja karatasi akaiweka sikioni upande mmoja na kuiwasha moto upande wa pili, na nusura aniunguze nywele. Kila dawa, mwanangu, ilinisaidia siku mbili. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini sikushtuka. Nilisema hii ni nzuri, ila haina nguvu, nitafute nyingine.

Mwenye chupa za kahawia alikuja kwa baiskeli. Sitamtukana. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu, na naamini aliiamini dawa yake kwa moyo wote, maana aliniambia alimtilia mama yake mzazi. Alinipa chupa moja bure. Matone matatu kila sikio, asubuhi na jioni. Hakuniomba kitu, ila nikipona niwaambie wenzangu.

Nikaanza kutia. Siku ya tano niliamka nikaona nyenje ameenda mbali. Siku ya saba niliketi kwa chai ya asubuhi nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Kijiko, mwanangu! Nilikuwa nimekisahau. Nilikoroga chai ile mpaka ikapoa, na machozi yakanitoka, sikuona haya. Siku chache baadaye ndipo nikavaa shati jeupe.

Nilipotoka pale sokoni Mama Wawira alinifuata. Alikuwa jirani yangu, mama mwenye kulea peke yake, na Wawira alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka saba. Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba mtoto haitiki akiitwa darasani. Tena masikio yake yalikuwa yakitoa usaha, na yana harufu. Mama yake alikuwa ameshapanga Jumatatu ampeleke hospitali Embu mjini.

Akaniuliza, "Njagi, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia, "Mama Wawira, kule utapiga foleni siku nzima upewe vidonge. Mtilie hii. Mimi si umeniona kwa macho yako?"

Alinunua chupa, akanishukuru, akaenda zake. Jumatatu ikapita. Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hayo ndiyo ambayo ningelipa chochote niyarudishe mdomoni.

Jumapili iliyofuata nilipanda Kibugu kumtembelea Shangazi Ciarunji, dada mkubwa wa baba yangu. Kusema kweli nilipanda kujigamba. Kibugu ni juu, karibu na msitu wa Mlima, baridi inauma, na chai inastawi mpaka unaona wivu. Shangazi alikuwa na shamba lake la chai, na alikuwa na mazoea fulani yaliyowachekesha majirani wote. Mtu akileta mbolea mpya, au unga wa kunyunyiza, au hata ushauri, Shangazi hakukataa wala hakukubali. Alitia mistari kadhaa, kisha akaacha mistari miwili iliyo jirani bila kutia kitu, akaisimikia vijiti vya mti wa mukima mwanzoni ili asiisahau. Akichuma, majani ya mistari hiyo aliyaweka kikapu chake, akayapima mbali. Watu walisema Ciarunji anainyima chai yake chakula. Lakini mwaka mmoja kulikuja unga fulani, watu wakaununua, chai ikastawi ajabu, wakausifu mpaka kanisani. Shangazi akawaita waje waone. Mistari yake miwili isiyotiwa kitu ilikuwa imestawi vile vile. Akawaambia, "Hiyo ni mvua, jamani," akarudi kuchuma.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua mboga. Nikamsimulia yote, matone, kijiko, kreti, makofi. Hakuinua uso. Nilipomaliza akauliza, "Umefika mwisho?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mstari usiotiwa kitu ni upi?"

Nikacheka. Nikamwambia masikio si chai.

"Haya," akasema, "tuache chai. Hiyo wiki ya kupona, ulisaga unga wa nani?"

Nikaanza kuhesabu wateja kwa vidole, nikaishia kwenye kidole cha kwanza. Kwa maana wiki ile, mwanangu, sikusaga unga wa mtu yeyote. Siku ya pili baada ya kuanza matone, beringi ya mashine ilivunjika, na spea ikachukua siku tisa kufika kutoka Nairobi. Siku tisa nilikuwa nimeketi nje ya banda nikiota jua, katika kimya ambacho masikio yangu hayakuwa yamekipata kwa miaka. Nilikuwa najua jambo hilo. Nililijua kila siku ya zile tisa, maana nilikuwa nikimlaumu dereva wa gari la mizigo asubuhi na jioni. Lakini halikuwahi kunijia kuliweka karibu na chupa.

"Mashine imerudi, na bado nasikia vizuri," nikasema.

"Imerudi lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Na huo mlio?"

"Haupo," nikamwambia. Nilimdanganya. Ulikuwa umerudi Ijumaa yake mchana, na asubuhi hiyo nilikuwa nao wakati wa sala.

Shangazi akaniuliza nani mwingine anatumia dawa hiyo kwa neno langu. Nikamtajia wachache, na mwisho nikamtaja Wawira. Hapo akaiweka sinia ya mboga chini. "Njagi," akasema, "wewe ni mtu mzima, jitilie hata uji. Mtoto anayetoka usaha sikioni ni wa hospitali. Shuka umwambie mama yake. Leo."

Nikamjibu kwamba tuipime kwanza hiyo dawa, na ikishindwa nitakwenda mwenyewe kumwambia. Akasema, "Tutaipima. Lakini shuka leo." Nikaitikia kwa kichwa. Jioni nilipita mbele ya lango la Mama Wawira. Mtoto alikuwa uani anaruka kamba, mzima, anacheka. Nikajiambia huyu mbona hana neno. Nikaendelea na njia.

Unaona jinsi mtu anavyojidanganya? Sikumwogopa Mama Wawira. Niliogopa kuonekana mjinga siku chache tu baada ya kupigiwa makofi.

Basi tukapima, na hapa nitajisifu kidogo, maana wengi wangekataa. Jumapili ya kwanza ya kupima, wiki moja baadaye, Shangazi alitoa saa yake ya mezani ya kutia ufunguo, ile yenye kengele, na kamba aliyoifunga mafundo kila baada ya hatua ya mguu. Alinifunga macho kwa kitambaa chake cha kichwa. Nikaziba sikio moja kwa kidole, naye akaisogeza saa polepole kwenye kamba, kutoka mbali kuja kwangu, mpaka niseme nasikia. Sikio la kulia lilisikia kwenye fundo la pili. La kushoto, la tatu. Akaandika kwenye daftari la chai.

Kisha akaingia jikoni peke yake. Akatoka na chupa mbili zilizofanana, moja imefungwa uzi mweusi na nyingine mweupe. Moja ilikuwa na dawa yangu. Nyingine ilikuwa na mafuta ya kupikia aliyoyatia rangi kidogo kwa majani ya chai. Ipi ni ipi, hakuniambia. Aliandika kwenye karatasi akaiweka katikati ya Biblia, na akaniapisha nisiifungue. Uzi mweusi nitie kulia, mweupe nitie kushoto, na kila Jumapili nipande tupime.

Wiki ya pili nilimwambia sikio la kulia linafunguka. Wiki ya tatu niliapa. Nikamwambia hili la uzi mweusi, Shangazi, hii ndiyo dawa, nasikia mpaka ndege wa msituni. Alinifunga macho tukaanza. Nikasikia saa mbali sana, nikapaza sauti kwa furaha, "Nasikia! Nasikia tik, tik, tik!" Akanivua kitambaa. Alikuwa amesimama mbele yangu mikono mitupu. Saa ilikuwa chumbani, chini ya mto, tena imesimama, maana hakuitia ufunguo tangu juzi yake.

Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Jumapili ya nne kulia ni fundo la pili, kushoto ni la tatu. Hakuna fundo lililosogea. Akaifungua Biblia akanipa karatasi nisome mwenyewe. Sikio nililoapa limefunguka lilikuwa linatiwa mafuta ya kupikia. Lile la dawa sikuwahi hata kulitaja. Niliisoma karatasi mara mbili, nikaikunja, nikasema, "Basi haifanyi kazi." Na unajua, pamoja na aibu, kulikuwa na furaha ndogo ndani yangu, furaha ya kujua jambo kwa hakika badala ya kuambiwa. Sijawahi kuisahau.

Lakini Shangazi hakuwa na habari na furaha yangu. "Na yule mtoto?" akauliza.

Nikajifanya naisoma tena ile karatasi.

"Hukwenda."

"Sikwenda, Shangazi."

Akalifunga daftari, yule shangazi ambaye hakuwahi kunipiga hata kofi moja. "Wiki nne," akasema. "Wiki nne umemficha mtoto wa watu nyuma ya jina lako. Ondoka kwangu, na usirudi hapa mpaka awe ameonwa na daktari."

Nilishuka Kibugu mbio, mwanangu, na shati la kanisani likaloa jasho. Nilimkuta Mama Wawira jikoni anasonga ugali, naye Wawira amekaa mlangoni, ametupa mgongo, anaambua maharagwe. Mama akanikaribisha kwa furaha. "Dawa inamsaidia, Njagi. Juzi nilimwita akaja mara moja."

Nikamwomba amwite tena. Lakini asitembee, asigonge kitu, amwite tu kutoka pale alipo. Akamwita kwa sauti ya kawaida. Mtoto akaendelea kuambua. Akamwita kwa nguvu zaidi. Akamwita mara ya tatu mpaka jirani akaitika ng'ambo ya ua. Wawira alichukua ganda lingine la maharagwe akalifungua kwa utaratibu. Kumbe siku zote alikuwa anakuja kwa kuona midomo na mikono, maana alikuwa na akili kuliko sisi wote.

Mama Wawira aliushikilia mwiko hewani. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ni mimi," nikamjibu. "Nilikosea, na nimejua kwa wiki kadhaa kwamba huenda nimekosea, nikanyamaza. Kesho asubuhi nawapeleka."

Tulikwenda. Mwenye mashine alinikaripia kwa kukosa kazi Jumatatu, nikamwambia akate siku yangu. Daktari alimulika masikio ya Wawira kwa kijitochi, akatikisa kichwa. Ngoma za masikio zilikuwa zimetoboka, na ndani kulikuwa na usaha wa muda mrefu. Akauliza nini kilitiwa humo. Mama akanitazama. Nikajibu mimi, yote, bila kupunguza. Alitueleza, bila ukali, kwamba sikio lililotoboka likimiminiwa mafuta au maji ya majani ni kama kumwagia kidonda tope, na kwamba tusitie kitu chochote tena isipokuwa atakachotupa yeye. Akamsafisha, akampa dawa, akasema turudi. Tulirudi mara nyingi. Kila mara nilikuwa nao.

Sikio la kushoto likakauka, likapona, likasikia. Siku alipogeuka mwenyewe kwa kusikia jina lake, Mama Wawira aliketi chini kwenye majani akalia, nami nikalia pembeni. Sikio la kulia lilikauka pia, lakini lilibaki zito, na ni zito mpaka leo. Daktari hakusema kwamba ni zile wiki nne. Wala hakusema kwamba si zenyewe. Nimeishi na jambo hilo, na sitafuti mtu wa kuniondolea.

Kuhusu mimi, daktari huyo huyo aliniambia ukweli ambao hakuna aliyekuwa amenipa. Masikio yaliyochoshwa na kelele hayarudi. Kwa mlio wangu hakuwa na dawa ya kunitilia, lakini alinifundisha jinsi ya kuuzoea na kutougombania, na akaniambia nizibe masikio niwapo kwenye mashine ili niokoe yaliyobaki. Nikaziba. Wasichana waliniona, na mmoja wao alinioa hivyo hivyo, kama anavyopenda kusema mwenyewe.

Lakini kulikuwa na jambo moja bado. Siku ya soko iliyofuata baada ya kumpeleka Wawira hospitali mara ya kwanza, nilivaa shati lile lile jeupe, nikaomba kreti kwa muuza soda, nikapanda. Nikawaambia watu: mlinisikia nikiisifu dawa. Wiki niliyopona mashine ilikuwa imeharibika, na mnajua ilikuwa imeharibika kwa sababu mlirudi nyumbani na mahindi yenu. Nikawasimulia saa, kamba, mafuta ya kupikia, na ile saa iliyokuwa chini ya mto. Nikawaambia habari za mtoto, bila kutaja jina. Nikasema mwenye kuumwa masikio asinitazame mimi, aende hospitali.

Mwanangu, hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akasema kwa sauti, "Hospitali imemlipa huyu!" watu wakaangua kicheko. Wengine walisema dawa imewasaidia wao, na sikubishana nao, niliwauliza tu kama walipima. Mwenye dawa alikuja kwangu baadaye, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ile ya chupa mbili ilifanywaje. Nikamweleza. Akaniaga kwa heshima. Sikumwona tena Runyenjes, na sijui kama aliwahi kuipima au alihamisha meza tu soko lingine.

Nilishuka nikiwa mdogo kuliko nilivyopanda. Nilidhani hivyo. Nikaona watu wanasogea kando, na nyuma kabisa, kati ya wauza ndizi, alikuwa amesimama Shangazi Ciarunji na kikapu chake. Alikuwa ameshuka kutoka Kibugu kwa miguu bila kuniambia. Niliona midomo yake ikisema kitu kwa mama aliye karibu naye, akinionyesha kwa kidole, lakini masikio yangu hayakukipata. Mama Wawira alikuwa amesimama karibu nao, na ndiye aliyeniambia baadaye. Shangazi alisema, "Huyo ni mtoto wa ndugu yangu. Huyo ni wa kwetu."

Nimepata mengi tangu wakati huo. Nilijenga, nikasomesha, nikawa mzee wa kanisa. Sijapata sifa nyingine nzito kama hiyo, na sikuisikia hata kwa masikio yangu mwenyewe.

Leo nyinyi hamsagi unga kwenye banda la mabati, lakini mnajiziba masikio kwa muziki mchana kutwa, na mlio ule ule unawaanza mapema kuliko ulivyonianza mimi. Mnaniletea simu zenu nione mtu anayesifu matone, au vidonge, au kifaa cha kubandika shingoni, na nyuma yake watu elfu wanaandika kwamba wamepona. Siwacheki. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena mwenye kreti. Mlio una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe. Mtu hutafuta dawa siku umepanda, na ukishuka kama ambavyo ungeshuka tu, chochote alichotia siku hiyo kinapata sifa. Anayesema amepona hasemi uongo. Amesahau tu kuuliza ni nini kingine kilichobadilika wiki hiyo.

Kwa hiyo usimwamini mtu kwa sababu analia machozi ya furaha. Mimi nililia ya kweli. Muulize alipimaje kabla, alipimaje baada, nani alishika saa, na kama yuko mtu aliyetiwa kitu kingine asijue. Akikosa majibu, mshukuru na uende zako, hata kama ni mimi babu yako. Na kama ni sikio la mtoto, au linatoa usaha, au limeziba ghafla, usipime chochote nyumbani. Nenda hospitali asubuhi hiyo hiyo, upime mengine ukirudi. Daktari naye muulize maswali yale yale, hatakasirika kama ni daktari.

Lakini zaidi ya yote ni hili. Utakosea, mwanangu. Utasifu kitu kisichofaa, na mtu atakufuata kwa sababu anakuamini. Siku utakayoanza kushuku, usisubiri uhakika ndipo ukaseme. Mimi uhakika nilikuja kuupata baada ya wiki nne, na kulikuwa na mtoto aliyekuwa akiusubiri bila kujua.

Wawira sasa ni mama mzima, mwalimu huko Kaaga. Akija kunitembelea hutaka kuketi upande wangu wa kushoto, wa sikio linalosikia zaidi, nami hutaka upande wake wa kushoto kwa sababu ile ile, na kwa kuwa haiwezekani sote wawili, huwa tunageuza viti mpaka tunacheka. Mwaka jana nilimwomba msamaha tena, nadhani mara ya kumi. Akanishika mkono akaniambia karibu na sikio, taratibu, ili nisikose hata neno: "Mzee, ulichelewa. Lakini ulikuja."

Basi nenda na baraka zangu. Mungu akulindie masikio uliyo nayo, akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukuuliza maswali magumu. Akupe sauti ya kusikilizwa na wengi, na moyo wa kuisimamia. Na siku utakayokuwa umemkosea mtu, akupe miguu ya kwenda kwake, na akuharakishe njiani, ili usichelewe kama mimi.